Ukienda Umra, Usiuziwe Bonde la Majini: Tembea Siku Moja Khaybar

Kila kundi la Umra linaporudi Mombasa, Malindi au Lamu, kuna hadithi moja haikosi kusimuliwa barazani: Bonde la Majini. Watu hupakiwa kwenye basi mjini Madina, wakapelekwa Wadi al-Baydha nje ya mji, dereva akazima injini na kuachia gia, na gari likaanza kwenda lenyewe. Wanavyoona abiria, linapanda mlima. Mwongozaji hutangaza kuwa ni majini wanalisukuma. Simu hutolewa, video hupigwa, na jioni hiyo hiyo nusu ya mtaa huku nyumbani imeshaiona.

Siandiki haya kukanusha majini. Qur'ani imewataja, na ina sura nzima yenye jina lao. Ninachokataa ni biashara inayofanywa kwa jina lao. Barabara zenye tabia hiyo ziko nchi nyingi, na moja iko hapa kwetu Kenya, kilima cha Kituluni kule Machakos, ambako watu humwaga maji barabarani wakayatazama yakionekana kupanda. Kinachotokea ni hadaa ya macho. Jicho la mwanadamu hupima mteremko kwa kulinganisha na upeo wa macho na vilima vya pembeni. Mahali ambapo upeo umefichika na vilima vimeinama upande mmoja, mteremko huonekana kama mwinuko. Chukua pima maji ya fundi wa ujenzi, ilaze pale barabarani, nayo itakwambia kwamba gari linateremka kama magari yote yanavyoteremka.

Linaloniuma ni kwamba wazee wetu huweka akiba miaka mingi kuifikia Madina mara moja tu maishani, kisha katika siku chache walizonazo wakauziwa kioja, na huku wamezungukwa na ardhi yenye ishara za kweli ambazo hakuna aliyewaeleza. Mwezi wa Januari nilipata nafasi ya kwenda siku moja na wenzangu wa kundi letu katika jangwa la volkano na magofu ya Khaybar, tukiongozwa na mtu wa huko huko mwenye kibali cha kazi hiyo. Ningependa kueleza tulichokiona, sababu za kuwa vile, na nini umuulize anayetaka kukupeleka kabla hujampa riyali yako.

Mji kati ya harra mbili

Tuanze na Madina yenyewe. Ukitoka nje ya majengo marefu, utaona mawe meusi yamesambaa ardhini kama makaa yaliyomwagwa na jitu. Waarabu huita ardhi ya namna hiyo harra. Neno hilo ni la mzizi mmoja na neno letu harara, yaani joto. Madina iko kati ya harra mbili kubwa: Harrat Waqim upande wa mashariki na Harrat al-Wabara upande wa magharibi. Katika Hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) alionyeshwa ndotoni nchi ya kuhamia, nchi ya mitende iliyo kati ya harra mbili, na baadaye eneo lililo kati ya harra hizo likafanywa kuwa haram ya Madina. Kwa hiyo yale mawe meusi ambayo basi huyapita kwa kasi ndiyo mpaka wa mji mtukufu.

Yametoka wapi? Yametoka chini ya ardhi. Bara la Arabia na bara letu la Afrika zamani lilikuwa pande moja la nchi. Pande hilo likapasuka, Bahari ya Sham ikafunguka, na Arabia ikawa inasogea polepole kuelekea kaskazini mashariki. Mvutano huo uliacha nyufa ndefu katika magharibi ya Arabia, na katika nyufa hizo ukapanda uji wa mawe yaliyoyeyuka, tunaouita lava. Lava ikimwagika na kupoa huwa jiwe jeusi, basalti. Kwa miaka milioni kama kumi mimwagiko hiyo imerundikana juu ya mingine, hata kusini ya Madina kukawa na uwanja mmoja, Harrat Rahat, wenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 20,000.

Msifikiri ni mambo ya mbali na sisi. Mpasuko huo wa Bahari ya Sham unakutana kule Afar, Ethiopia, na mpasuko unaoteremka hadi Bonde la Ufa la Kenya. Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi hupita karibu na milima ya Chyulu, na pale ubavuni mwa hifadhi ya Tsavo Magharibi kuna mto mweusi wa lava iliyoganda, ambao una umri wa miaka mia chache tu. Wenyeji walioona moto ukitoka ardhini waliupa jina la Shetani, na hadi leo ramani zinauita hivyo. Mwanadamu akikosa maelezo, jambo la kwanza kumjia kichwani ni shetani au jini.

Moto wa mwaka 654

Kuna habari moja ambayo kila anayezuru Madina angestahili kuelezwa. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim mna Hadithi inayosema kwamba Kiyama hakitasimama mpaka utoke moto katika nchi ya Hijazi utakaoangaza shingo za ngamia huko Busra, mji wa Sham. Mwaka 654 Hijria, sawa na 1256 Miladia, mwanzoni mwa mwezi wa Jumadal Akhira, ule tunaouita Mfunguo Tisa, ardhi ya Madina ilianza kutetemeka. Matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa, watu wakakimbilia Msikiti wa Mtume wakiomba na kutubia. Kisha moto ukatoka mashariki ya mji, katika Harrat Rahat.

Ulidumu kiasi cha siku 52. Lava ilitoka katika vilima vilivyojipanga juu ya ufa mmoja, ikatiririka kilomita kama 23, na ncha yake ikasimama kilomita chache tu kabla ya mji. Barua za watu wa Madina zilifika Damascus, na mwanahistoria Abu Shama akazihifadhi katika kitabu chake. Imam an-Nawawi, huyu huyu ambaye watoto wetu husoma Arubaini yake madrasani, alikuwa hai wakati huo, na katika sherehe yake ya Sahih Muslim ameandika kwamba moto huo ulitoka katika zama zake. Mwaka huo huo, katika mwezi wa Ramadhani, Msikiti wa Mtume uliungua kwa moto wa taa, jambo jingine kabisa ambalo waongozaji wengine hulichanganya na hili.

Wataalamu wa leo wameyapima mawe ya mahali hapo, wakachora ramani ya mtiririko, na ramani yao inalingana na maandishi ya wale walioona kwa macho. Mahali hapo pako karibu na mji. Lakini katika kundi letu la watu zaidi ya 40, hata mmoja hakuwa amepata kuambiwa. Bonde la Majini walikuwa wanalijua wote.

Na harra hizo hazijafa. Mwaka 2009, kaskazini magharibi ya Madina, katika Harrat Lunayyir, yalitokea matetemeko zaidi ya 30,000 katika muda wa miezi michache. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 8, na serikali ikahamisha maelfu ya watu. Lava ilikaribia uso wa ardhi lakini haikutoka. Ndiyo maana wataalamu wa Saudia wameweka mitambo ya kusikiliza ardhi katika maeneo hayo.

Kupanda harra ya Khaybar

Khaybar iko kama kilomita 150 kaskazini ya Madina. Tuliondoka baada ya Alfajiri tukiwa watu saba na magari mawili ya kupanda jangwani. Kati yetu alikuwamo maalim mmoja wa Lamu, aliyetufasiria Kiarabu, na bi mkubwa mmoja wa Mombasa ambaye hakukubali kubaki hotelini. Mwongozaji alitaka tuanze na milima kabla jua halijakaza, kisha tuteremke bondeni kwenye magofu wakati wa Adhuhuri.

Harrat Khaybar ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 14,000. Kwa msomaji wa Pwani nitasema hivi: ni pana kuliko kaunti nzima ya Kilifi. Lami ikiisha, gari hutembea juu ya mawe kwa mwendo wa punda. Hakuna mti wala kivuli. Kisha ukatokeza mlima mweusi wenye umbo la koni, mdomo wake umefunguka juu. Huo ni Jabal Qidr. Qidr kwa Kiarabu ni chungu cha kupikia, na anayeutazama haulizi kwa nini. Mbavuni mwake lava imeteremka kama uji uliofurika ukaganda kabla haujafutwa. Ng'ambo yake uko Jabal Abyadh, Mlima Mweupe, kilele cha juu kabisa katika harra hiyo, mita 2,093 juu ya usawa wa bahari, wenye rangi ya kijivu iliyofifia kama chokaa.

Tuliuliza kwa nini mlima mmoja mweusi na jirani yake mweupe, na wote wametoka katika moto mmoja. Mwongozaji alitueleza kwa mfano wa jikoni. Lava inayopanda moja kwa moja kutoka chini huwa nyepesi kama mchuzi, hutiririka mbali na kuganda nyeusi. Ile inayokaa njiani muda mrefu hubadilika, huzidi madini ya aina ya mchanga wa kioo, huwa nzito kama ugali, haiendi mbali, hurundikana pale pale na kuganda ikiwa na rangi nyeupe. Nilikuja kusoma baadaye na kukuta ndivyo wanavyosema wanajiolojia, kwa maneno marefu zaidi.

Bi mkubwa wetu alimgeukia maalim: "Maalim, hebu muulize, na hapa mna majini?"

Yule bwana akacheka. "Mwambie mama, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye walio hapa. Mimi ninaowajua ni ngamia na nyoka, na nyoka nataka mjihadhari nao."

Kisha akaokota jiwe, akampa alishike. Lilikuwa limejaa vitundu kama mkate wa mofa. Akaeleza kwamba vitundu hivyo ni mapovu ya hewa yaliyokuwa ndani ya lava, ambayo hayakuwahi kutoka jiwe lilipoganda. Bi mkubwa alilizungusha jiwe lile mkononi muda mrefu, akasema Subhanallah, akalirudisha lilipokuwa.

Chini ya harra hiyo kuna mapango marefu, kwa kuwa lava hupoa juu ikafanya ngozi ngumu na ndani ikaendelea kutiririka hata ikaacha handaki tupu. Umm Jirsan, mojawapo ya marefu zaidi yanayojulikana katika nchi za Kiarabu, lina urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kuwa watu walikuwa wakilitumia kwa miaka isiyopungua 7,000, wakijihifadhi humo na mifugo yao. Sisi hatukuingia, na mwongozaji alitueleza sababu bila kuficha: kundi letu lilikuwa na wazee, na njia ya kuteremka si ya viatu vya kandambili.

Tende zinazokunywa volkano

Kutoka katika jangwa lile jeusi, barabara huteremka bondeni, na mara unaona kijani. Mitende kwa maelfu. Hapa ndipo Khaybar ya Sira.

Mitende hiyo inapata wapi maji mahali pasipo mto? Jawabu ni ile harra tuliyotoka kuikanyaga. Basalti imejaa nyufa na vitundu. Mvua chache zinazonyesha juu ya uwanja ule mpana hazitiririki zikapotea, huzama ndani ya mawe, zikasafiri chini kwa chini, na penye ukingo wa lava, bondeni, zikatoka kama chemchemi. Harra ni tangi la maji lisilo na mfuniko.

Mtu wa Mombasa asione ajabu. Maji yanayotoka Mzima hadi Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950 yanafanya vivyo hivyo. Mvua hunyesha juu ya Chyulu, huzama katika mawe ya volkano, na hutokea Mzima yakiwa meupe pe. Tunakunywa maji yaliyochujwa na volkano, na tende za Khaybar zinakunywa maji yaliyochujwa na volkano.

Maji hayo yalileta neema na tabu. Khaybar ilisifika kwa tende, na ikasifika pia kwa homa, hata Waarabu wakawa wanapiga mfano wa "homa ya Khaybar". Maji yaliyosimama chini ya kivuli huzaa mbu, na sisi watu wa Pwani hatuhitaji mwalimu wa somo hilo.

Magofu, na mwongozaji anayesema sijui

Ngome za Khaybar zilifunguliwa mwaka wa 7 Hijria, na jina la Sayyidna Ali aliyekabidhiwa bendera kila mtoto wa madrasa analijua. Juu ya kilima cha mawe meusi kuna ngome inayoutazama mji wa kale, ambayo wenyeji huinasibisha na Marhab. Chini yake kuna nyumba za udongo na mawe, vichochoro vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, paa zimeanguka, milango imebaki vitundu. Watu walihamia mji mpya miongo kadhaa iliyopita, na mahame yakabaki.

Mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja: aonyeshwe mlango alioung'oa Sayyidna Ali. Jawabu la mwongozaji nitalikumbuka. Alisema ngome za Khaybar zilikuwa nyingi, kuta hizi zimejengwa na kujengwa tena na watu waliokuja baadaye, na habari ya mlango ina maneno kwa wanazuoni wa Hadithi. "Siwezi kukuonyesha kitu ambacho mimi mwenyewe sijaonyeshwa," alisema. "Lakini kilima ni hiki, bonde ni hili, na mitende ndiyo hii."

Mwenzetu alikata tamaa kidogo. Mimi nilihisi hapo ndipo nauli yangu ilipolipa. Mwongozaji anayekwambia lisilokuwapo, unaweza kumwamini kwa yale aliyokwambia yapo.

Maalim wetu akaongeza kisa kinachohusu bonde lile lile. Baada ya ushindi, Mayahudi wa Khaybar waliachwa katika mashamba yao kwa mapatano ya kugawana mavuno nusu kwa nusu, wakakaa hadi zama za Sayyidna Umar. Mtume alikuwa akimtuma Abdullah bin Rawaha kukisia tende zilizo mitini. Walijaribu kumpa hongo apunguze makisio, akaikataa, akawaambia kwamba chuki yake kwao haitamfanya awadhulumu. Wao wenyewe wakakiri kuwa kwa uadilifu wa namna hiyo ndipo mbingu na ardhi zimesimama. Na ni hapa Khaybar ambapo Jaafar bin Abi Talib na wenzake walifika kutoka Habasha, wakitoka upande wetu wa bahari, na Mtume akasema hajui afurahie lipi zaidi, ushindi wa Khaybar au kuja kwa Jaafar. Tulisimama chini ya mitende tukisikiliza, na nikaona watu wanafuta macho. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha kioja chochote.

Mawe ya kale kuliko Sira

Khaybar ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Mwanzoni mwa 2024 wanaakiolojia wa Ufaransa na Saudia walitangaza kwamba bonde lote liliwahi kuzungushiwa ukuta wa urefu wa karibu kilomita 14.5, uliojengwa kati ya miaka 2250 na 1950 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Leo chini ya nusu yake ndiyo imesalia, na mahali pengi mtu asiyejua hudhani ni rundo la mawe ya shamba. Mwaka huo huo wakatangaza kijiji cha zama hizo ndani ya bonde, chenye nyumba, njia na makaburi, kilichokaliwa na watu kama 500. Wamekiita al-Natah, jina ambalo msomaji wa Sira atalikumbuka katika orodha ya ngome za Khaybar.

Juu ya harra kuna mambo ya kale zaidi. Kuna kuta fupi za mawe zilizopangwa kwa umbo refu lenye pembe nne, baadhi zina urefu wa mamia ya mita, zilizojengwa miaka kama 7,000 iliyopita. Zimehesabiwa zaidi ya 1,000 kaskazini magharibi ya Saudia, na ndani ya baadhi yake zimepatikana pembe na mafuvu ya ng'ombe, dalili kuwa zilikuwa mahali pa ibada za watu wa kale, zama ambazo jangwa lile lilikuwa na malisho. Wataalamu wamezipa jina la Kiarabu, mustatil. Mwanafunzi yeyote wa darasa la hesabu hapa kwetu anamjua mstatili. Ukisimama karibu nao ni mawe tu yanayokufika magotini, na umbo lake huonekana vizuri kutoka juu. Bila ya kuelezwa ungeyaruka ukaenda zako.

Na Madain Salih je?

Wengi huniuliza kama mtu anaweza kuunganisha safari hiyo na al-Hijr, yaani Madain Salih, karibu na AlUla. Kwa siku moja si rahisi, kwa kuwa AlUla iko kama kilomita 300 kutoka Madina na kurudi ni kiasi hicho tena. Mahali pale pana makaburi 111 yaliyochongwa katika majabali ya mchanga, 94 kati yake yamenakshiwa, na mwaka 2008 pakawa mahali pa kwanza pa Saudia kuingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Maandishi yaliyo juu ya makaburi hayo ni ya Wanabatea, watu wa karne ya kwanza, waliokuja muda mrefu baada ya Thamud.

Lakini kwa Muislamu kuna jambo zaidi ya historia. Mtume alipopita al-Hijr akienda Tabuk aliwakataza masahaba kuingia katika makazi ya waliojidhulumu ila wakiwa wanalia, na akaharakisha mwendo. Wanazuoni wana kauli zao kuhusu matembezi ya siku hizi. Muulize sheikh wako kabla hujaondoka, usimuulize mwenye gari.

Kabla hujalipa

Kwa anayetaka kwenda, haya ndiyo niliyoyaona yanafaa.

Kwanza, ibada ndiyo iliyokutoa nyumbani. Kuingia Rawdha siku hizi huombwa kwa programu ya Nusuk na hupangiwa saa. Usipange safari siku hiyo. Akina mama walio katika siku zao, na hawaingii msikitini, hufaidika sana na matembezi kama haya badala ya kukaa chumbani.

Pili, angalia viza. Viza ya Umra siku hizi inamruhusu mtu kutembelea miji mingine ya Saudia. Viza ya Hijja ni tofauti: imefungwa kwenye Jeddah, Makka na Madina.

Tatu, muulize mwongozaji kama ana kibali cha serikali, na umtake akutajie mapema mahali mtakapokwenda, pamoja nanyi kuna watu wangapi, na gari ni la namna gani. Bei mara nyingi hupangwa kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo watu sita wakiungana mzigo hupungua. Basi la kawaida halifiki kwenye volkano. Anayekuahidi Jabal Qidr kwa basi la abiria 50 anakuahidi kuuona kwa mbali.

Nne, nenda wakati wa baridi, yaani kati ya Novemba na Februari. Vaa viatu vilivyofungwa, kwani basalti hukata soli kama kisu. Chukua maji kuliko unavyodhani utakunywa. Mwenye kisukari au presha achukue dawa zake mkononi, asiziache hotelini, kwa sababu juu ya harra simu mara nyingi haishiki na hospitali iko mbali.

Tano, mpe mtihani mdogo. Muulize jambo moja unalolijua jawabu lake, na jingine ambalo halina jawabu la hakika. Akijibu yote mawili kwa uhakika ule ule, tafuta mwingine.

Jambo hili linatuhusu na hapa nyumbani

Mawakala wetu wa Umra wana dhamana. Wao ndio huchagua nani atashika kipaza sauti ndani ya basi. Ikiwa wanaweza kulipia Bonde la Majini, wanaweza kumlipa mtu mwenye elimu nusu saa awaeleze watu harra mbili za Madina na moto wa 654. Hilo halihitaji hata kutoka nje ya mji.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Gedi imeingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Ni mji wa mawe, wenye msikiti wa Ijumaa, visima na vyoo, uliojengwa na Waislamu wa pwani hii. Lakini nenda na kundi la wanafunzi uone ni mara ngapi hadithi itageuzwa kuwa ya mizimu na mapepo ya msituni, na ni mara ngapi mtoto ataelezwa maji ya kisima yalivyofika kwenye birika la kutawadhia. Mgeni akitoka pale akikumbuka mapepo peke yake, tumempokonya babu zetu, tukampa kioja badala yao.

Jiwe la Khaybar na ukuta wa Gedi havihitaji kuongezewa chumvi. Vinahitaji mtu mkweli, aliyesoma, anayelipwa haki yake, na asiyeona haya kusema "hilo silijui". Mwenye wakala akikuletea ratiba ya Umra mwaka huu, usiangalie bei tu. Muulize ni nani atakayetueleza.